Shule ya Sanaa Iliyozaliwa Barazani

Kila mwaka, tarehe 3 Juni inapokaribia, Wakristu wengi wa Kivu na wa Ituri huvuka mpaka kwenda kuhiji Namugongo, mahali pale ambapo Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto mwaka 1886 kwa ajili ya imani yao. Wengine hupanda motokari, wengine huenda kwa miguu siku nyingi, rozari mkononi. Wakipita katikati ya mji wa Kampala, karibu na barabara ya Speke, huona sanamu ndefu imesimama kati ya miti. Ni mama ambaye mwili wake umezungushiwa vitambaa toka miguuni, kama mtu aliyefungwa na ambaye sasa anaanza kufunguliwa. Mikononi amemwinua mtoto, na mtoto huyo amenyosha mikono yake mbinguni.

Wahujaji hupiga picha mbele yake, kisha huendelea na safari. Ni wachache wanaouliza: Nani aliyeitengeneza? Nami sikuuliza mara ya kwanza. Sanamu hiyo ni kazi ya Gregory Maloba, mtu wa Kenya, aliyekuwa mwalimu katika shule ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Makerere. Aliitengeneza mwaka 1962 kwa ukumbusho wa uhuru wa Uganda, uliopatikana tarehe 9 Oktoba ya mwaka huo. Tangu hapo shule hiyo ina kazi yake mbele ya macho ya watu wote, hata ya wale wasiopata kuingia darasani hata siku moja. Ni kwa sababu hiyo tumependa kuwasimulia habari zake.

Baraza ya nyumba ya daktari

Shule hiyo haikuanza kwa amri ya serikali wala kwa jengo kubwa. Ilianza mwaka 1937 barazani pa nyumba ya mama mmoja, Bibi Margaret Trowell. Bibi huyu alizaliwa Uingereza mwaka 1904, akajifunza uchoraji mjini London katika shule iitwayo Slade. Mwaka 1929 alikuja Kenya pamoja na mumewe, Daktari Hugh Trowell. (Huyo daktari ni mmoja wa watu waliochunguza sana ugonjwa wa kwashiorkor, ule unaovimbisha miguu na tumbo la mtoto aliyekosa chakula cha kujenga mwili. Mama zetu wanaufahamu mno. Baada ya kurudi kwao, daktari akawa kasisi wa Kianglikana.) Kenya ndipo Bibi Trowell alipoanza kutazama kwa makini kazi za mikono za wenyeji. Mwaka 1935 walihamia Kampala, na miaka miwili baadaye akawaita vijana wachache kuja kuchora barazani pake.

Namna yake ya kufundisha ilikuwa ngeni kwa siku zile. Katika shule nyingi, somo la kuchora lilikuwa hivi: mwalimu anaweka chupa au kikombe mezani, na watoto wananakili. Anayefananisha zaidi anapewa alama nyingi. Bibi Trowell hakuweka chupa. Aliwasimulia vijana habari, labda ya sokoni, labda ya shambani, labda ya Injili, kisha akawaambia wafumbe macho mpaka waione picha moyoni mwao wenyewe. Wakiisha kuiona, ndipo wachukue rangi. Njia hiyo aliipata London kwa mwalimu wake Marion Richardson, naye aliamini kwamba ingewafaa Waafrika kupita kunakili vitu vya Ulaya.

Basi, tangu mwanzo mama huyu hakutaka kazi za vijana zikae kabatini. Mwaka 1938 alizipanga katika maonyesho huko Namirembe, kwenye kilima cha kanisa kuu la Waanglikana, ili watu wa mji waje wajionee. Mwaka 1939 kazi hizo zilivuka bahari zikaonyeshwa London. Ndipo wakubwa wa Makerere walipotambua kwamba jambo lile la barazani halikuwa mchezo wa jioni, na somo la sanaa likapewa nafasi katika chuo. Bibi Trowell aliliongoza mpaka mwaka 1958. Leo shule hiyo inaitwa kwa jina lake.

Alifanya jambo lingine pia, nalo pengine lina uzito kupita picha. Katika miaka ya vita vya pili vya dunia, vitu vya Makumbusho ya Uganda vililetwa Makerere na kuwekwa chini ya ulinzi wake: ngoma, vyungu, vikapu, ngao, nguo za magome ya mti wa mutuba. Vilikaa huko hata makumbusho yakapata nyumba yake huko Kitante mwaka 1954. Fikirini, wasomaji: kijana aliyekuwa anafundishwa kwamba sanaa ni kitu cha Wazungu alikuwa akipita kila siku mbele ya vyungu vya nyanya yake, vimewekwa kwa heshima kama vyombo vya altare. Mwaka 1953 Bibi Trowell, pamoja na Bwana Klaus Wachsmann, mjuzi wa ngoma na vinanda, walitoa kitabu kikubwa juu ya kazi za mikono za makabila ya Uganda. Ndani yake kazi ya msusi na ya mhunzi imeelezwa hatua kwa hatua, bila dharau.

Tusimsifu pasipo kipimo, lakini. Alikuwa mtu wa nyakati zake. Aliogopa kwamba Mwafrika akifundishwa mapema mno ustadi wa Ulaya atapoteza ulio wake, na kwa hofu hiyo alifunga baadhi ya milango ambayo vijana wenyewe walitaka kuipita. Mlinzi mwema naye anaweza kuwa mlinzi wa gereza. Aliyemfuata mwaka 1958, Bwana Cecil Todd, aligeuza mwenendo: akafundisha historia ya sanaa ya dunia nzima, na elimu ya rangi na ya umbo kama inavyofundishwa katika vyuo vya Ulaya. Wako waliomshukuru, wako waliosema ameuzima moto wa barazani. Ubishi huo haujaisha hata leo, na kwa maoni yangu ni vema usiishe upesi.

Wanafunzi wa kwanza

Huyo Maloba tuliyemtaja alikuwa mmoja wa wanafunzi wa kwanza. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mtoto, huko magharibi ya Kenya, alizitazama sanamu za kanisa la misioni ya Kikatoliki, akatamani kufinyanga za namna hiyo kwa udongo. Alipofika kwa Bibi Trowell aliendelea, akawa mwalimu mwenyewe, akafundisha Makerere na baadaye Nairobi. Hebu fikirini watoto wangapi katika parokia zetu wanaitazama sanamu ya Bikira Maria kwa macho kama hayo, na katekista anadhani wanasinzia.

Mwingine alikuwa Sam Ntiro, Mchaga wa Kilimanjaro. Yeye alichora maisha ya kwao: kulima, kuvuna, kujenga nyumba, kwenda harusini. Picha yake moja ya mwaka 1956 inaonyesha wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi wakati wa usiku. Watu wa Bukavu wangesema tu: kasiksi. Picha hiyo ilinunuliwa na jumba kubwa la sanaa ya siku hizi lililoko New York, na iko huko mpaka leo. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, mchoraji huyo huyo alitumwa London kuwa balozi wa nchi yake.

Mwanamke naye hakukosekana. Theresa Musoke, binti wa Uganda, alisomea uchoraji Makerere katika miaka ya mwanzo ya uhuru, akachora picha kubwa ukutani katika nyumba ya wanafunzi wa kike iitwayo Mary Stuart. Habari yake ni kuzaliwa kwa mtu. Mabinti wanaokwenda darasani asubuhi wanapita mbele ya fumbo hilo la uzazi, lililochorwa na dada yao.

Ukuta wa Murang'a

Sasa tukae kidogo na Elimo Njau, maana jambo lake linatugusa sisi Wakristu kwa namna ya pekee.

Njau alizaliwa mwaka 1932 huko Marangu, chini ya Kilimanjaro, katika jamaa ya Walutheri. Alisoma Makerere katika miaka ya 1950. Siku hizo Kenya ilikuwa katika vita vya Mau Mau. Katika nchi ya Wakikuyu ndugu aliuawa na ndugu. Wakristu waliokataa kula kiapo waliuawa. Kwa upande wa pili, maelfu walifungwa makambini na wengi waliuawa na majeshi ya serikali. Huko Murang'a Waanglikana walijenga kanisa la ukumbusho wa Wakristu wao waliouawa, na Njau akaombwa kuchora kuta zake. Alifanya kazi hiyo mwaka 1959.

Picha ni tano: kuzaliwa kwa Yezu, kubatizwa kwake, karamu ya mwisho, uchungu wa bustanini, na kusulubiwa. Mtu anayeingia humo hakuti Betlehemu ya vitabu vya Ulaya. Anakuta milima ya Murang'a. Mtoto Yezu amezaliwa katika kibanda cha Wakikuyu, na akina mama wa kijijini wanamjia na zawadi zao. Bwana wetu ni Mwafrika, na mitume wake pia, hata yule atakayemsaliti.

Je, ni halali? Swali hilo nimelisikia mara nyingi, hata kutoka kwa wazee wenye imani thabiti. Wanasema: Yezu alikuwa Myahudi wa Nazareti, wala hakuwa Mkikuyu wala Mshi wala Mhunde. Ni kweli. Lakini wachoraji wa Italia walimchora kama kijana wa Italia, na wale wa Flandria walimzalisha katika zizi la ng'ombe la kwao, theluji mlangoni, na hakuna aliyeona vibaya. Picha hizo hizo zililetwa kwetu na wamisionari, tukazizoea hata tukadhani ndiyo sura yake. Mchoraji wa Murang'a hakufanya jambo jipya; alifanya lile ambalo Wakristu wa kila nchi walilifanya kabla yake. Tena, katika mahali ambapo jirani alimwua jirani, ilikuwa lazima watu waone kwamba yule anayetoka jasho la damu bustanini anafanana nao. Sura ngeni ingewaruhusu kusema: Hayo yalitokea mbali.

Mwaka 1965 Njau pamoja na rafiki zake walifungua mjini Nairobi nyumba ya sanaa iitwayo Paa ya Paa. Anayejua Kiswahili anatabasamu: paa ni mnyama wa porini, na kupaa ni kuruka juu. Hapo walikutana wachoraji, washairi, wapiga ngoma, na watoto wa shule. Mwaka 1997 moto uliiteketeza, na kazi nyingi zikapotea. Waliijenga tena. Wageni wamekuwa wakikumbushwa huko neno la mwenyewe, kwamba tusinakili, kwa kuwa kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Mwanateolojia angeweza kubishana juu ya usemi huo. Mimi naona unafanana sana na somo la barazani mwaka 1937.

Mlango uliofunguliwa, na miaka ya giza

Katika miaka hiyo ya 1960, Makerere nzima ilikuwa na hamu ya kutoka nje. Mwaka 1965 wanafunzi wa masomo ya lugha walianzisha kundi la michezo ya kuigiza lililosafiri Uganda na Kenya, wakicheza bure mbele ya watu wa vijijini, kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za huko. Shule ya sanaa nayo ilipata mwaka 1969 jumba lake la maonyesho juu ya kilima, ili mtu asiye mwanafunzi apate mahali pa kuziona kazi. Mwaka huo huo, mwishoni mwa Julai, Baba Mtakatifu Paulo wa Sita alifika Kampala, Papa wa kwanza kukanyaga Afrika ya kusini ya Sahara. Uganda ilionekana kama nyumba iliyofunguliwa madirisha yote.

Haikudumu. Januari 1971 Idi Amin alitwaa utawala, akaushika mpaka Aprili 1979. Walimu wengi waliondoka. Rangi na karatasi zilikosekana, na woga ulikaa darasani. Theresa Musoke alikuwa miongoni mwa waliokwenda Kenya. Alikaa huko miaka mingi kabla ya kurudi kwao.

Hata baada ya Amin vita havikuisha mara moja. Katika miaka hiyo mchongaji Francis Nnaggenda, aliyejifunza Ujerumani kisha akarudi kufundisha Makerere, alilitwaa gogo kubwa la mti akalichonga. Kazi hiyo ilimchukua muda mrefu. Leo imesimama katika maktaba kuu ya chuo kikuu, na jina lake ni Mhanga wa Vita. Ni mwili wa mtu uliokatwa viungo. Hauna ukamilifu wala uzuri wa kupendeza macho. Lakini umesimama. Mwanafunzi anayekwenda kuazima kitabu cha hesabu au cha sheria sharti apite karibu nao.

Sisi wa Kivu na Ituri hatuhitaji mtu wa kutufasiria sanamu hiyo. Tunao watu wa namna hiyo katika misa ya Jumapili, katika foleni ya hospitali, katika nyumba zetu. Jambo linalonigusa ni kwamba chuo kikuu hakikuificha. Kingeweza kuweka hapo sanamu ya mtu mkubwa mwenye tai. Kimeweka mtu aliyepoteza viungo, katikati ya vitabu.

Sabuni

Kisha likaja pigo la ukimwi, na Uganda iliumia mapema kupita nchi nyingi. Mwalimu mmoja wa uchongaji wa Makerere, Bibi Lilian Nabulime, alijiuliza mchongaji aweza kufanya nini wakati watu wanakufa na ndugu zao wanaona haya kutaja jina la ugonjwa. Magogo mazito hayakumfaa. Alitwaa sabuni.

Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Sabuni ni kitu cha mwanamke cha kila siku. Hufulia nguo, huogeshea mtoto. Tena ni kitu cha kuondoa uchafu, na wagonjwa wale walikuwa wakiitwa wachafu. Akatengeneza maumbo madogo ya sabuni inayopenya mwanga, yanayokumbusha mwili wa mwanamume na wa mwanamke, na ndani yake akatia vitu kama mbegu, vinavyoonekana kutoka nje. Si vya kuwekwa kabatini. Vilipewa wanawake mikononi, na walipovishika walianza kusema yale ambayo mdomo haukuthubutu kuyasema mbele ya daktari. Juu ya kazi hiyo alipata udaktari wa elimu mwaka 2007 katika Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza. Wazazi wengine wataona haya kusoma habari hizi. Lakini kimya cha haya kiliwazika vijana wengi.

Na kwetu Kongo?

Msomaji atauliza: Je, Kongo haina? Inayo, tena mwanzo wake ni wa kimisioni kabisa. Mwaka 1943, miaka sita tu baada ya ile baraza ya Kampala, Bruda Marc-Stanislas wa shirika la Mabruda wa Shule za Kikristu, aliyeitwa Victor Wallenda kwa jina la nyumbani, alifungua shule ya sanaa huko Gombe-Matadi katika Kongo ya Chini, chini ya ulinzi wa Mtakatifu Luka. Mapokeo husema kwamba Luka alikuwa mchoraji. Mwaka 1949 shule ilihamia Leopoldville, na mwaka 1957 ikaitwa Akademia ya Sanaa. Ndiyo akademia ya Kinshasa ya leo. Mmoja wa wanafunzi wa Bruda, André Lufwa, ndiye aliyetengeneza ile sanamu ya Mpiga Ngoma iliyosimamishwa mwaka 1969 kwa maonyesho makubwa ya biashara ya Kinshasa. Aliyewahi kufika huko hakosi kuikumbuka: mtu mzima mzima amejitupa juu ya ngoma yake.

Katika akademia hiyo alisoma pia Freddy Tsimba, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1967. Alimaliza masomo mwaka 1989, lakini hakuona kwamba yametosha. Akaenda kukaa na wafua vyuma wa mjini, watu wasio na diploma, wamfundishe moto. Alikaa nao miaka. Hayo, kwa maoni yangu, ni masomo ya chuo kikuu pia, ila mwalimu na mwanafunzi wamegeuziana viti.

Siku hizi Tsimba anaunga kwa moto miiko, visu, minyororo, mitego ya panya, na zaidi ya vyote maganda ya risasi, yale ya shaba yanayobaki chini baada ya mapigano. Ameyaokota mwenyewe mahali palipopiganwa katika nchi yetu. Anayaunganisha moja moja, maelfu kwa maelfu, mpaka yanakuwa umbo la mtu. Na mara nyingi mtu huyo ni mwanamke mjamzito, amesimama, tumbo lake limejaa.